Diski ya Bluu Kwenye Uwanja wa Ngoma

Jumatatu, 2 Juni

Malori ya pamba yameanza kupita tangu asubuhi, na kila likipita linaniachia vumbi juu ya kaunta ya duka langu la kompyuta na nyuzi nyeupe mlangoni. Mama alinipigia kutoka Mwamapalala kuniambia wamemaliza kuchuma shamba la juu, kwamba mgongo unamuuma, na kwamba nisisahau kula. Nikamwambia nimekula. Sikuwa nimekula, nilikuwa nafungua boksi.

Diski za bluu zimefika! Naziita za bluu kwa sababu ya karatasi iliyobandikwa juu yake; jina la kiwandani ni refu na halitamkiki. Ni SSD zile bapa za kuhifadhia mafaili, urefu wa kidole, kila moja unaichomeka moja kwa moja kwenye mazabodi, ile sahani kuu ndani ya kompyuta. Ina nafasi ya terabaiti nzima, na bei yake ni karibu nusu ya ile nyeusi anayouza Januarius, maduka mawili kutoka kwangu. Nimeipima. Inasoma mega elfu nne na mia nane kwa sekunde. Nyeusi ya Januarius haijawahi kuvuka elfu tatu na mia nne. Nimegawa kasi kwa bei, nimegawa bei kwa giga, na hesabu zote zinasema neno moja: Januarius anawaibia watu.

Najua ni neno zito. Nimeliandika hapa ili nisije nikaliandika kwenye grupu.

Jumanne, 3 Juni

Nimeliandika kwenye grupu.

Alhamisi, 5 Juni

Grupu letu la WhatsApp linaitwa Mashine Simiyu. Humo tumo wote wenye ugonjwa wa kuunga kompyuta kwa mikono yetu: vijana wa magemu, walimu, wapiga video za harusi, na karani mmoja wa kiwanda cha pamba aliyeweka taa za rangi ndani ya mashine yake kana kwamba ni baa. Niliweka jedwali langu, bluu upande huu, nyeusi upande ule, kasi, bei, kila kitu. Januarius akajibu kwa sauti, baada ya kukohoa kwanza kama kawaida yake.

"Binti, kasi ya kwenye karatasi siyo kasi ya kazi. Nyeusi nimeiuza miaka minne. Mimi naijua."

Nikamuuliza anaijuaje, ina nini ndani? Akasema ndiyo anayopewa na mtu wake wa Mwanza, na mtu wake wa Mwanza hajawahi kumdanganya. Grupu zima likacheka. Mimi nikaweka picha ya ng'ombe anayejikokota. Tangu hapo diski nyeusi inaitwa ng'ombe.

Jioni akaingia Mzee Luhaga, kiongozi wa wachezaji wa Bagalu upande wetu, ambaye yumo kwenye grupu kwa sababu sisi ndio tunaomtengenezea video za ngoma. "Mnabishana nini kama watu wasio na uwanja? Jumamosi tunacheza na Bagika. Leteni mashine zenu."

Basi hakuna tena pa kukwepea. Kwetu ngoma haina jaji wa kukaa mezani na kalamu. Bagalu, chama chetu cha ngoma, wanacheza huku na Bagika, wapinzani wao, kule, wakati mmoja, uwanja mmoja, na watu wenyewe wanahama kutoka huku kwenda kule. Mwenye watu ndiye mshindi, na anayebisha huyo hana adabu.

Jumapili, 8 Juni

Nimeshinda!

Zilipangwa meza mbili, umeme tukavuta kwenye jenereta ya vipaza sauti. Kila meza na kompyuta yake, imefunguliwa ubavu ili watu waone kilichomo, na televisheni kubwa imegeuziwa uwanja. Mimi nilikaa upande wa Bagalu kwa sababu kwetu ni Bagalu tangu babu. Januarius ni Mgika, mtu wa Bagika. Tulikubaliana faili moja, video ya ngoma ya giga ishirini, kila mtu aikopi ndani ya diski yake. Mzee Luhaga alishika kipaza sauti akaanza kusalimia: mwadila wazee, mwadila akina mama, mwadila wageni mliotoka Mwandoya. Hajawafikia vijana, mstari wangu wa kukopi pale kwenye televisheni ulikuwa umeshafika mwisho. Wa Januarius ulikuwa bado unatembea.

"Ng'ombe huyo anakwenda mnadani!" mtu akapaza sauti.

Watu wakaangua kicheko, wakaanza kuhama. Walitoka kwake makundi makundi, wanakimbia, watoto wamebebwa mabegani. Tukarudia, na tukarudia tena, na ilipofika mara ya mwisho kwenye meza yake alibaki mkewe tu, Justina, amefunga mikono kifuani. Januarius alifanya anachofanya aliyeshindwa: alizima mashine yake kwanza, akatoka kwa nyuma ya uwanja, asipite mbele za watu. Aliponipita akasema, "Hongera, fundi." Hajawahi kuniita fundi. Siku zote kwake mimi ni binti.

Mama alikuwepo. Alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. "Ng'wanawane, mwanangu," aliniambia, amenishika mashavu, "leo wameniona." Hakusema wamekuona. Alisema wameniona.

Jumanne, 10 Juni

Bluu zimeisha dukani. Nimeagiza nyingine.

Jumatano, 18 Juni

Amepiga Eufrasia, yule dada anayepiga video za harusi kule Mwandoya. Alinunua bluu siku ileile ya shindano.

"Dada Speci, samahani kukusumbua. Hii diski inaanza kama swala, halafu inakaa chini kabisa. Nakopi kadi za kamera, nakwenda sokoni, narudi, haijamaliza."

Nikamuuliza anatumia waya gani wa kadi. Akaniambia. Nikamwambia waya huo ndio mbovu, abadilishe. Watu wananunua mashine ya kisasa halafu wanaifunga kwa kamba za katani.

Jumamosi, 21 Juni

Eufrasia tena. Amebadilisha waya, hali ileile. Nikamwambia basi ni joto, diski za kasi zinachemka, atafute feni aielekeze kwenye mashine. Akashukuru, "Wabeja, dada," akakata simu.

Joto! Mwezi wa sita, asubuhi tunavaa masweta.

Jumatatu, 23 Juni

Sikulala vizuri kwa sababu ya lile neno joto, nikafungua duka mapema na kuifanyia bluu jaribio ambalo sikuwahi kulifanya. Mimi nimezoea kupima kwa faili dogo, giga kumi, giga ishirini, kwa sababu majibu yanatoka haraka na namba zinapendeza. Leo nimeilisha video zote za msimu uliopita, bila kuipumzisha.

Mwanzoni ilipaa. Nikaanza hata kutabasamu. Ilipofika giga mia na kitu, kasi ikaanguka ghafla mpaka mega tisini kwa sekunde. Tisini! Diski ya kizamani ya kuzunguka, ile tunayowauzia wenye stationery, inafika mia na hamsini. Nikazima, nikawasha, nikarudia. Ikaanguka palepale.

Nimesoma mpaka mchana, sasa nimeelewa. Ni kama ghala la pamba lenye chumba kidogo cha mbele. Marobota ya kwanza yanatupwa pale upesi upesi, ukisimama nje unasema hapa kazi inakwenda. Chumba kikijaa, kila robota lazima lisukumwe mpaka nyuma ndipo jingine liingie, na huko nyuma njia ni nyembamba. Na diski yenyewe ikikaribia kujaa, hata kile chumba cha mbele kinapungua. Nyeusi ya Januarius mwanzo wake si wa kutisha, lakini huko nyuma njia yake ni pana. Mwendo wake ni uleule kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Haya yote yameandikwa kwenye mtandao kwa mtu yeyote anayesoma mpaka chini. Mimi nilisoma mpaka pale penye kasi, nikakimbilia uwanjani. Na Eufrasia nimemwambia waya, kisha nikamwambia joto, mtu mzima mimi. Nimeona aibu nikiwa peke yangu dukani mpaka nikafunga mlango.

Jumanne, 24 Juni

Upepo, vumbi. Sikufungua grupu.

Alhamisi, 26 Juni

Nimeuza bluu mbili. Kijana aliuliza, "Ndizo zile za uwanjani?" Nikasema ndizo.

Si uongo. Ndizo.

Jumapili, 29 Juni

Kanisani Januarius na Justina walikaa mbele yangu. Tulipotoka, vijana wa grupu walikuwa wamesimama kwenye pikipiki zao, wakamlilia kama ng'ombe. Januarius akacheka nao. Alicheka vizuri, kwa sauti, kama mtu anayejua kupokea utani, lakini shingo yake niliyokuwa nikiiona kwa nyuma ilikuwa imekakamaa. Mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Justina alinikuta kwenye duka la sukari. Nilidhani atanipita. Akanisalimia, akasema biashara ya diski wameiacha, kabatini sasa wameweka chaja na kava za simu. "Kaka yako Januarius alikuwa na ujinga wake," alisema. "Mtu akirudisha diski imekufa, anampa nyingine, haulizi swali. Ndiyo maana bei yake ilikuwa juu, ameshaweka humo na za kurudisha. Mimi nilimwambia watu hawatakuelewa."

Kwenye jedwali langu sikuwa na safu ya kitu hicho. Mimi diski ikiondoka dukani kwangu imeondoka. Nimeandika mwizi, mwizi, halafu mwizi mwenyewe nani?

Jumatatu, 30 Juni

Nimeandika ujumbe mrefu wa grupu. Nimeufuta.

Jumanne, 1 Julai

Nimeufuta tena.

Alhamisi, 3 Julai

Eufrasia amekuja mwenyewe, kwa basi, kutoka Mwandoya. Amekuja na mashine na feni ndani ya mfuko. Feni! Aliitoa akaiweka juu ya kaunta ili nione kwamba alinisikiliza. Akaniambia familia ya bibi harusi imekuja mara ya pili kudai video, na baba wa bibi harusi amesema kumbe mpiga video ni tapeli. "Najua kosa ni langu, dada. Mimi kompyuta sijasomea. Nionyeshe tu ninapokosea."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Kilichotoka ni, "Hiyo yako imetoka na kasoro, nitakubadilishia."

Kubadilisha kwa nini, wakati bluu zote ni mama mmoja? Nikaingia chumba cha nyuma, nikafungua mashine yangu mwenyewe ninayofanyia kazi. Na niandike ukweli hapa kama siwezi kuuandika kwingine: ndani ya mashine yangu mimi kuna nyeusi. Nilinunua kwa Januarius miaka mitatu iliyopita, haijawahi kunisumbua hata siku moja, nikaisahau kama mtu anavyosahau jino lisilouma. Nilihamishia vyangu kwenye bluu, nikaichomoa, nikaibandua karatasi yake nyeusi kwa ukucha, kipande kwa kipande, ili Eufrasia asiitambue. Nikamfungia.

Jioni akaandika kwenye grupu: harusi yote imeingia, fundi Specioza ana moyo wa pekee, hakutaka hata senti. Watu wakamwaga mikono ya kupiga makofi. Nikajibu, "Amina."

Jumamosi, 5 Julai

Kazi zangu mwenyewe sasa zinakwama. Nafanyia kazi kwenye bluu. Nastahili.

Jumanne, 8 Julai

"Hodi, fundi."

Alikuwa Januarius. Nilimkaribisha kiti, akakataa, akasimama na kofia mkononi kama mtu aliyeitwa ofisini. Kwanza alizungumzia upepo. Kisha akazungumzia bei ya pamba. Kisha akakohoa.

"Nimekaa nikafikiri," alisema. "Mtu akipigwa uwanjani ana mambo mawili. Anune, au ajifunze ngoma ya aliyempiga. Mimi sitaki kununa. Pamba yangu yote nimeshauza, na ndama wawili nimeuza, Justina amekubali. Jumatatu nakwenda Dar. Nichukue bluu nyingi, nyingi kwelikweli, nizishushe Maswa, nizishushe Mwandoya. Naomba namba ya mtu anayekuletea. Kama haitakuudhi."

Nikasema haitaniudhi.

"Najua si desturi mtu kumpa mwenzake namba kama hiyo."

Nikampa namba. Nilimsomea tarakimu moja moja na yeye akizirudia, na kila tarakimu nilijiambia nikimaliza hii nitasema. Alipofika mlangoni akageuka. "Mungu akubariki, Specioza. Mimi nilikudhania vibaya."

Nimekaa nyuma ya kaunta mpaka jioni. Pamba yote na ndama wawili. Mtu yule akiuziwa bluu zile kisha zikaanza kurudi, na yeye ni mtu wa kurudishia bila kuuliza, atarudishia kwa kitu gani? Atauza nyumba.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda kwake kabla hajafungua. Alikuwa anafagia mbele ya duka.

"Mwangaluka, kaka Januarius."

"Mwangaluka, fundi."

"Usinunue bluu. Hazifai. Zikipewa kazi ndefu zinakwama. Nyeusi yako ndiyo nzuri, na ilikuwa nzuri tangu mwanzo."

Aliegemeza ufagio ukutani, taratibu. Nilitegemea atauliza kwa nini, nilikuwa nimejiandaa na habari yote ya ghala na chumba cha mbele. Hakuuliza.

"Jana ulinipa namba," alisema. "Umekwenda ukalala, ukaona Januarius akizishusha Maswa na Mwandoya wewe utauza wapi. Umeamka na hii."

"Siyo hivyo kaka. Njoo dukani nikuonyeshe, sasa hivi."

"Dukani kwako mashine ni yako. Unaweza kunionyesha chochote." Sauti yake ilikuwa ya chini, na ingekuwa nafuu angepayuka. "Binti, ulinipiga mbele ya mke wangu. Sikusema neno. Leo nataka kula kwenye sahani uliyonionyesha wewe mwenyewe, unaifunika?"

Nimekuwa binti tena, na nilifurahi kidogo kuwa binti.

Nikamwambia basi achague yeye mahali. Akasema palepale uwanjani, Jumamosi, ngoma zinarudi. Ana nyeusi moja iliyobaki. Mbele ya watu, na diski zote mbili zipewe kazi ndefu kama ninavyotaka, yeye aone kwa macho yake. "Isipokwama, Jumatatu napanda basi."

Nimekubali. Nilipokuwa narudi nilijikuta simwogopei Januarius tena, najiogopea mwenyewe, na namwogopea mama. Mficha uchi hazai, wanasema. Wanaosema hivyo hawajaambiwa wavue uwanjani.

Ijumaa, 11 Julai

Mama amepiga. Amesikia nitashindana tena. Anakuja na mama wadogo wawili na kitenge kipya. Sikumwambia kitu.

Jumapili, 13 Julai

Jana sikuweza kuandika. Naandika leo baada ya misa.

Eufrasia alikuja na kadi zake zote za harusi, mimi nikaongeza video za ngoma, tukapata giga mia nne kwa kila meza. Nilimweleza Mzee Luhaga kwamba safari hii ni kazi ndefu, watu wawe na subira mpaka mwisho. Akanijibu, "Ndiyo, ndiyo," jicho lake liko kwa wapiga ngoma wake.

Tukaanza. Na diski ya bluu, Mungu anisamehe, ikapaa. Ilikuwa na chumba chake cha mbele kitupu, ikatupa mizigo humo, mstari wangu ukauacha wa Januarius nyuma kabisa. Watu hawakusubiri hata kidogo. Walihama wote kwa kelele, wakaizunguka meza yangu, mama na mama wadogo wakiwa mbele na vitenge vyao. "Subirini!" niliwaambia. "Subirini, bado!" Nani anasubiri? Mzee Luhaga alishika kipaza sauti: "Kashinda tena binti wa Mwamapalala!" Na papo hapo, upande wa pili, Bagika wakamtoa mcheza na nyoka wao, chatu shingoni, ngoma zikabadilika, na uwanja mzima ukamkimbilia. Kwenye meza yangu likabaki vumbi.

Dakika chache baadaye namba kwenye televisheni ikaanguka. Elfu moja na mia nane, halafu mia sita, halafu tisini. Ikakaa hapo.

Tulioiona tulikuwa wanne. Mimi, Eufrasia, Justina, na Januarius, ambaye alikuwa ameacha meza yake na kuja kusimama pembeni yangu. Mstari wake ulifika mwisho huku tunaangalia wangu. Mashine yangu iliandika kwamba zimebaki dakika hamsini.

"Basi ni kweli," alisema Januarius.

"Ni kweli."

Akainyoshea kidole ile tisini. "Mbio za sakafuni," akasema, hakuimalizia. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Umejua lini?"

"Mwezi uliopita. Wiki ya mwisho kabla ya ile misa."

"Waliponilia pale nje, ulikuwa umeshajua."

"Nilikuwa nimeshajua."

"Na juzijuzi hapa, unanisomea namba."

"Nilikuwa najua."

Eufrasia alikuwa anasikia yote. Nikamgeukia, nikamwambia waya wake haukuwa mbovu, joto halikuwepo, na diski niliyomfungia ilikuwa nyeusi iliyobanduliwa karatasi. Alisema, "Na feni nimeinunua." Ndilo neno lake pekee.

Justina alimshika mumewe mkono. "Hela bado tunazo," alimwambia. Januarius alitikisa kichwa, akasema Jumatatu haendi popote. Nilitaka kupumua, lakini akaendelea: "Hela ninazo, jina sina. Watu wameondoka hapa wanasema umenishinda mara ya pili. Nitauza nini, na kwa nani?"

Ndipo Mzee Luhaga akaniita nipokee zawadi ya mshindi. Ngoma zikanyamaza, watu wakageuka. Nilikwenda katikati ya uwanja nikachukua kipaza sauti. Nikasema nimeshindwa. Nikasema diski ya bluu inakimbia mwanzoni kisha inakwama, na niliowauzia wairudishe, nitawarudishia. Nikasema Januarius alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza na mimi nikamwita mwizi.

Wakacheka! Walipiga miluzi, wakapiga makofi. Sikufikiria jambo moja ambalo kila mtoto wa huku analijua: mwimbaji wetu akishinda hujifanya kwanza ameshindwa, anamsifia mpinzani wake mpaka juu, halafu ndipo anamrushia kijembe. Walikuwa wanakisubiri kijembe. Kadiri nilivyojishusha ndivyo walivyofurahi, na kadiri nilivyomsifu Januarius ndivyo macho yao yalivyomgeukia yeye, wanamwonea huruma huku wanamcheka. Mama akapiga kigelegele kirefu. Nilimwona Januarius ameinamisha kichwa, anatukanwa kwa mara ya tatu, na anayemtukana ni mimi na toba yangu.

Nikampa Mzee Luhaga kipaza sauti chake. Nikaondoka katikati ya uwanja. Sikurudi kwenye meza yangu, nilipita mbele yake, nikavuka mpaka upande wa Bagika, nikaenda kusimama kwenye meza ya Januarius, mbele ya televisheni yake, kama mtazamaji.

Mchezaji haiachi ngoma yake uwanja ukiwa bado na watu. Hata akiwa mgonjwa. Kicheko kilikatika, na kigelegele cha mama kiliishia njiani. Nilisikia mtu anasema kwa Kisukuma, "Amehama!" Kisha nikasikia miguu.

Walikuja wote. Walikuja kwa sababu mimi nimekuja, na kwa sababu mtu akiona wenzake wanakimbilia mahali na yeye anakimbia. Walibanana kwenye ile meza, wanasukumana, wanauliza hii ndiyo nyeusi, bei gani, inashika giga ngapi, ipo ya terabaiti mbili? Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini ni nzuri. Hakuna aliyetazama nyuma, kwenye meza yangu, ambako ukweli wote ulikuwa bado unaonekana kwenye televisheni kwa mega tisini kwa sekunde. Nilikuwa nimemrudishia jina lake kwa njia ileile niliyomnyang'anyia.

Januarius alipenya katikati ya watu mpaka nyuma ya meza yake. Alikohoa. Alianza kuwajibu mmoja mmoja, ile sauti yake ya zamani, mteja huyu, mteja yule, ipo moja tu leo, nyingine zitakuja. Mimi nilibaki nimesimama mbele pale, nikisubiri labda atanitazama, labda atasema yameisha.

Alinitazama.

"Sogea pembeni, binti," alisema. "Unawazibia watu."

Nikasogea.